Kwa Nini Mafunzo ya Tetemeko Yaanze na Kutuliza Hofu

Mtaalamu wa maafa anayefika kwenye mtaa uliokumbwa na tetemeko huja na maelekezo yake: wekeni akiba ya maji, fungeni vyeti kwenye mfuko wa plastiki, kubalianeni mtakutana wapi. Maelekezo hayo ni sahihi. Lakini mimi ninayefanya kazi upande wa afya ya akili naona kwamba mara nyingi hayashiki, kwa sababu mtu aliyetolewa kwenye kifusi, au aliyefiwa na mtoto humo, hukwepa kila kinachomrudisha siku ile, na somo kuhusu tetemeko lijalo humrudisha moja kwa moja. Kukwepa huko si ukaidi wala uzembe. Ni mojawapo ya dalili kuu za kiwewe.

Hoja kwamba maandalizi ya maafa yaende pamoja na kutuliza hofu ilipimwa Haiti. Tetemeko la Januari 12, 2010, lenye ukubwa wa 7.0, lilianzia karibu na Léogâne, magharibi mwa mji mkuu, Port-au-Prince, na likawaacha watu wapatao milioni 1.5 bila makazi. Port-au-Prince ulikuwa umebomolewa na matetemeko mwaka 1751 na 1770, lakini kwa kuwa vizazi vingi vilikuwa vimepita, karibu hakuna aliyejua afanye nini ardhi ilipoanza kutikisika. Baadaye watafiti Leah James na Courtney Welton-Mitchell, pamoja na wenzao wa Haiti, waliwashirikisha watu 480 wa mitaa mitatu katika mafunzo ya siku tatu yaliyounganisha maandalizi ya maafa na msaada wa kisaikolojia. Walioongoza hawakuwa madaktari wa akili, bali Wahaiti waliofundishwa kazi hiyo. Waliopata mafunzo walijiandaa zaidi kuliko waliokuwa bado wanasubiri zamu yao, dalili zao za sonona, wasiwasi na kiwewe zilipungua, na walikuwa tayari zaidi kusaidiana na majirani.

Jambo ninalolitilia mkazo ni mpangilio. Katika kikao cha namna hii watu hujifunza kwanza kuvuta pumzi polepole na kuitoa kwa muda mrefu zaidi, mpaka mapigo ya moyo yatulie, ndipo hatari yenyewe izungumzwe. Anayetaka kusimulia yaliyompata husikilizwa. Asiyetaka haulizwi, na hapa sikubali mzaha hata kidogo, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani nalo linashauri manusura wasishinikizwe kueleza walichopitia. Kisha huja maswali ya nyumbani kabisa: usiku nani atambeba bibi asiyeweza kutembea, kabati lile refu limefungwa ukutani au litaangukia kitanda, mtoto akiwa shuleni atachukuliwa na nani. Mama aliyekuwa akitetemeka kila lori zito likipita anapopata jibu la swali moja kati ya hayo, hofu yake hupata kazi ya kufanya, na pumzi aliyojifunza asubuhi ndiyo atakayoitumia siku ardhi itakapotikisika tena.

Kwetu Tanzania tulioona tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016, watu wakilala nje kwa kuogopa nyumba zao wenyewe, sioni sababu ya kazi hizi mbili, kuandaa watu kwa maafa na kutuliza hofu yao, kuendelea kugawanywa kati ya idara zisizozungumza. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii tayari huingia majumbani na huaminiwa. Wakifundishwa pamoja na kamati za maafa za vijiji, wanaweza kuongoza vikao hivi bila kusubiri wataalamu ambao ni wachache mno. Sharti langu ni moja: kabla ya kikao cha kwanza, kiongozi awe anajua kituo cha afya atakakompeleka mtu asiyelala wiki nzima, anayezungumzia kujiua au aliyeanza kuzamia kwenye pombe, na awe amekwisha kuzungumza na mhudumu atakayempokea.