Anatomia na fiziolojia kwa simu: vya kupakua na namna ya kuvitumia ukiwa Lamu

Anayeanza masomo ya uuguzi au utabibu hapa Lamu huulizia programu ya simu kabla hajauliza kitabu. Sababu yake naijua: simu anayo mkononi, na kitabu kikubwa cha anatomia chenye picha za rangi hakinunuliki kwa urahisi. Lakini programu kumi bila kitabu kimoja cha kushikilia ni hasara. Kila moja ina mpangilio wake na majina yake, na muhula ukiisha utakuta umetazama mengi lakini huwezi kuchora njia ya damu kutoka moyoni kwenda mapafuni na kurudi. Ndiyo maana naanza na kitabu, kisha niseme kila nyenzo nyingine inafaa kwa kazi gani na inapotosha wapi.

Kitabu ninachokipendekeza ni Anatomy and Physiology cha OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice huko Marekani. Toleo la kwanza lilitoka 2013 na la pili 2022. Chukua la pili. Ni cha bure, kina sura 28 katika sehemu 6, kila sura ina maswali mwishoni, na majibu yako nyuma ya kitabu. Leseni yake inaruhusu kukihifadhi na kuchapisha sura unayoihitaji kwa masomo. Faili la PDF ni kubwa, basi lipakue mara moja penye waifai ya chuo, usiwe unakisoma mtandaoni kila siku kwa bando. Wala usikisome kwa kufuata namba za sura. Fuata mada ya darasani: tishu ya neva ni sura ya 12, moyo 19, mishipa ya damu 20, mfumo wa mkojo 25. Fungua kwanza maswali ya mwisho, yajibu kwa penseli hata kwa kubahatisha, ndipo usome. Ukisoma ukiwa tayari umeshakosea swali, jibu halipiti mbele ya macho yako bila kulishika.

Anayekwenda likizo Faza, Siyu au Kizingitini asingoje afike ndipo atafute mtandao. Kabla ya kupanda boti awe na kitabu hicho, na WikiMed, ensaiklopidia ya tiba iliyotolewa Wikipedia ambayo husomwa bila intaneti kupitia programu ya Kiwix, na video chache alizozichagua. Video ya mchoro ubaoni inatosha kwa ubora wa 360. Mchoro wa nefroni (kichujio kidogo cha figo) husomeka vizuri tu, na data inayoliwa ni sehemu ndogo ya ile ya 1080.

Hapo kwenye video kuna mtego ambao huwaangusha hata wanafunzi wazuri. Video nyingi ni za Marekani, na vipimo vyao vya maabara si vyetu. Glukosi ya damu wao huitaja kwa miligramu kwa desilita. Sisi twatumia milimoli kwa lita. Gawanya namba yao kwa 18: 126 yao ni 7.0 yetu, na 90 yao ni 5.0. Kwa kreatinini (taka ya misuli inayotolewa na figo), zidisha namba yao kwa 88.4 upate maikromoli kwa lita. Shinikizo la damu halibadiliki, ni milimita za zebaki kote kote. Majina nayo hutofautiana: adrenalini kwao ni epinefrini, paracetamol ni asetaminofeni. Andika mageuzo haya ndani ya jalada la daftari siku ya kwanza, kwa sababu kosa la kipimo halibaki kwenye mtihani. Huenda nawe mpaka wodini.

Kosa la pili ni kudhani kwamba fiziolojia huingia kwa kutazama. Picha inayocheza hukufanyia kazi ambayo ubongo wako ulipaswa kuifanya. Chukua mzunguko mmoja wa pigo la moyo. Moyo ukipiga mara 75 kwa dakika, pigo moja huchukua sekunde 0.8: atria (vyumba vya juu vya moyo) husinyaa kwa takriban 0.1, ventrikali (vyumba vya chini) kwa takriban 0.3, na 0.4 iliyobaki moyo wote umelegea. Tazama video mara moja, izime, kisha chukua karatasi. Chora mstari wa muda wa sekunde 0.8. Juu yake chora shinikizo la ventrikali ya kushoto likipanda kutoka karibu na sifuri hadi milimita 120 za zebaki, na shinikizo la aota (ateri kubwa itokayo moyoni) likitembea kati ya 80 na 120. Sasa tafuta mahali mistari hiyo miwili inapokatana. Ventrikali ikiipita aota, vali ya aota hufunguka; ikishuka chini yake, vali hufungwa, na hiyo ndiyo sauti ya pili ya moyo. Ongeza mstari wa atria ya kushoto. Pale ventrikali inapoupita kwenda juu, vali ya mitrali, iliyo kati ya vyumba hivyo viwili, hufungwa, na hapo pana sauti ya kwanza.

Wengi hukwama kwenye vipande viwili vifupi ambapo vali zote mbili zimefungwa, ventrikali inakaza au inalegea, lakini ujazo wa damu ndani yake haubadiliki. Ukiweza kueleza kwa nini ujazo haubadiliki, umeelewa moyo. Kama huwezi, video tano nyingine hazitakusaidia. Rudi kwenye mchoro. Kisha fanya hesabu: mililita 70 kwa pigo mara 75 ni 5,250, yaani lita tano na kitu kwa dakika. Mbona anayevuja damu moyo wake hukimbia? Punguza 70 iwe 40 kwenye hesabu hiyo hiyo, uone mapigo yanalazimika kuwa mangapi ili lita zisishuke.

Kwa neva kuna kitu kizuri sana na watu wachache wanakitumia: programu ya kuigiza neuroni (seli ya neva) ya PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado. Huonyesha ioni za sodiamu na potasiamu zikipita kwenye utando wa aksoni (uzi mrefu wa neuroni), na unaweza kupunguza kasi au kusimamisha. Inapakuliwa na kufunguka bila mtandao. Usibonyeze kitufe cha kuchochea kabla hujaandika utabiri wako: ioni gani itaingia kwanza, chati ya umeme wa utando itapanda kutoka milivolti -70 hadi wapi, na ukichochea tena papo hapo kutatokea nini. Hilo la mwisho ndilo lenye faida kubwa.

Kwa kukariri majina tumia Anki, programu ya kadi za maswali na majibu. Ni bure kwenye kompyuta na kwenye Android kwa jina la AnkiDroid. Kwenye iPhone hulipiwa. Yenyewe hupanga kadi ipi irudi lini kulingana na ulivyoijibu. Kosa la kawaida ni kupakua rundo la maelfu ya kadi za mtu mwingine na kuacha mpangilio wa kadi mpya 20 kwa siku. Baada ya wiki chache marudio hufika karibu 200 kwa siku, na mwanafunzi hukata tamaa. Weka 10, tena kadi ulizotengeneza mwenyewe. Zinazofaa zaidi ni za picha iliyozibwa: chukua mchoro wa fuvu au wa mkono, ziba majina, na kila jina liwe kadi. Kadi moja iulize kitu kimoja tu. Kadi inayouliza “eleza ini” ni kupoteza wakati.

Michoro ya kuzibia ipo tele. Kitabu cha anatomia cha Gray cha toleo la Marekani la 1918 hakina tena hakimiliki huko, na vielelezo vyake 1,247 viko mtandaoni. Mifupa na misuli yake bado ni mizuri kupita picha nyingi za leo. Soma picha tu, usisome maelezo ya utendaji, kwani sayansi ya 1918 haikujua mengi, na baadhi ya majina yamebadilika.

Picha za mwili uliokatwa vipande vya mlalo zimo katika Visible Human Project ya maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani: mwanamume alitolewa 1994 kwa vipande vya milimita 1, mwanamke 1995 kwa vipande vya 0.33. Hapa watu hupotea kushoto na kulia. Dawa ni moja: kabla ya kitu chochote tafuta ini. Lilipo ini kubwa ndipo upande wa kulia wa mwili, hata kama kwenye skrini liko kushoto.

Kuhusu programu za umbo la pande tatu nitasema kidogo. Z-Anatomy ni ya bure. Zinasaidia pale ambapo vitu vimelaliana: misuli ya kigasha, mifupa ya kifundo cha mkono, sakafu ya fuvu. Anza na mfupa mtupu, ongeza msuli mmoja mmoja, utaje kabla hujauonyesha. Na ujue kwamba mwili ulio ndani yake ni mmoja, wakati watu si hivyo. Karibu robo yetu tuna ateri ya ziada ya figo, na programu haitakwambia.

Baada ya skrini, nenda bucha. Omba moyo wa mbuzi ambao haujapasuliwa, na mishipa yake mikubwa iachwe sentimita tatu au nne. Wa ng'ombe mara nyingi huwa umeshakatwa na mkaguzi wa nyama, na vali zimeharibika. Suuza mabonge ya damu kwa maji baridi. Finya pande zote mbili: ulio mgumu ni upande wa kushoto. Kabla ya kukata, mimina maji ndani ya aota taratibu na utazame vali ikijifunga na kuyazuia. Kisha kata kutoka ateri ya mapafu kuingia ventrikali ya kulia, utaona nyuzi nyeupe zinazoshikilia vali ya trikaspidi, iliyo kati ya atria na ventrikali za kulia. Kata upande wa kushoto kutoka atria hadi nchani, ulinganishe unene wa kuta. Wa kushoto utakuwa mara mbili au tatu. Tafuta vijitundu viwili juu kidogo ya vali ya aota, mwanzo wa ateri za moyo wenyewe. Tofauti moja usiibebe kwenda kwenye mtihani: kwenye upinde wa aota wa mbuzi hutoka shina moja, kwa binadamu hutoka matawi matatu.

Figo nalo chukua la mbuzi, si la ng'ombe. La ng'ombe limegawanyika vinundu kwa nje, la mbuzi ni laini kama letu. Lipasue kwa urefu uone gamba na kiini. Ndani, sehemu za kiini za figo la mbuzi zimeungana kuwa ukingo mmoja, ilhali la binadamu lina piramidi kadhaa, kila moja na kikombe chake. Fanya haya siku ile ile ya kununua, maana joto la pwani halingoji. Formalini, dawa ya kuhifadhia viungo, usiitumie nyumbani. Ukitumia kisu na ubao safi wa jikoni na mikono iliyooshwa kwa sabuni, nyama hiyo hupikwa kama kawaida.