Je, maumivu yasiyoisha ni dalili ya imani haba?

Hapa Dodoma, kuanzia mjini hadi vijiji vya Chamwino na Kongwa, wapo Wakristo wengi wanaoamini kwamba mtu akiugua muda mrefu, basi ana dhambi iliyofichika au imani yake ni haba. Wazo hilo halikuzuka tu: ipo mistari ya Biblia inayohusisha dhambi na mateso.

Lakini Biblia hiyohiyo inasema mengi zaidi. Katika Yohana 9, wanafunzi wanamuuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, yeye au wazazi wake. Anawajibu: si yeye wala wazazi wake. Rafiki zake Ayubu walimkazania atubu. Mwishoni (42:7) wanaokemewa na Mungu ni wao. Paulo aliomba mara tatu “mwiba” wake, yaani taabu iliyomtesa mwilini, uondoke, haukuondoka. Paulo huyo alimwacha mwenzake Trofimo huko Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20), wala hamlaumu popote.

Namfikiria mama wa benchi la nyuma, kanga imefungwa kwenye goti lililovimba, wenzake wamesimama wanaimba. Akiambiwa hana imani, anarudi nyumbani na mizigo miwili. Inaniuma sana.

Kuhakiki hakuhitaji usomi. Ukisikia mstari, fungua sura nzima. Usipoelewa, muulize mchungaji au katekista. Na ukishaombewa, usiache dawa. Rudi zahanati upimwe kwanza. Paulo huyohuyo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake (1 Timotheo 5:23).