Je, Wajua kwa Nini Kulifukuza Wazo Baya Hakutoshi?

Mkristo anayetaka kukua kiroho hugundua mapema kwamba matendo ni rahisi kuyadhibiti kuliko mawazo. Aweza kuuzuia mdomo wake usitukane, na bado moyoni akawa anamtukana mwenzake tangu asubuhi hadi jioni. Akilitambua hilo, hujikataza kabisa kuliwaza jambo lile, lakini kadiri anavyojikataza ndivyo linavyomrudia. Wengi hukata tamaa hapo na kudhani kwamba imani yao ni haba, ilhali kilichowaangusha ni njia waliyoitumia.

Mwaka 1987, Daniel Wegner, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha pamoja na wenzake jaribio lililokuja kujulikana sana. Washiriki waliambiwa waseme kwa sauti kila lililowapitia akilini kwa dakika tano, ila wasimfikirie dubu mweupe, na kila wakimfikiria wapige kengele. Walishindwa kumwepuka. Tena waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, walimfikiria zaidi kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Maelezo aliyoyatoa Wegner ni kwamba akili, ili ihakikishe hailiwazi jambo fulani, hulazimika kuendelea kuchungulia kama limekuja, na huko kuchungulia ndiko kunakoliamsha. Hata hivyo, washiriki waliopewa kitu kimoja cha kufikiria badala ya dubu, yaani gari jekundu aina ya Volkswagen, hawakurudiwa na dubu kwa kiasi kile.

Msomaji wa Injili atalitambua jambo hilo. Katika Mathayo 12:43-45 Yesu anasimulia habari za pepo mchafu aliyemtoka mtu, akarudi na kuikuta nyumba yake “tupu, imefagiwa na kupambwa”, akaingia pamoja na pepo wengine saba walio waovu kuliko yeye. Nyumba ile ilikuwa safi, lakini haikuwa na mkaaji. Paulo naye, katika Wafilipi 4:8, anataja mambo yaliyo ya kweli, ya staha, ya haki, yaliyo safi, yenye kupendeza na yenye sifa njema, kisha anaagiza: “yatafakarini hayo”. Kwa maneno mengine, Mkristo hapewi katazo tu. Anapewa pia kazi ya kuishughulisha akili yake.

Walioifanyia kazi hiyo bidii kubwa ni watawa wa jangwa la Misri. Mmoja wao, Evagrius wa Ponto, aliyefariki mwaka 399, aliyapanga mawazo yanayomsumbua mwamini katika mafungu manane: ulafi, uasherati, kupenda fedha, huzuni, hasira, uchovu wa roho, kupenda sifa na kiburi. Alifundisha kwamba mawazo hayo kuja au kutokuja hakumo katika uwezo wetu, bali kukaa kwake ndani yetu kumo. Naona fundisho hilo lina faraja kubwa, kwa maana wapo waumini wanaojihukumu kwa sababu tu wazo limewapitia, wakasahau kwamba Yesu mwenyewe alijaribiwa pasipo kutenda dhambi.

Kukaa kwa wazo huanza taratibu. Mtu amesahihishwa mbele ya wenzake kikaoni. Wazo linamjia: “Amefanya vile makusudi ili nidharaulike.” Hapo wazo bado ni mgeni tu. Baada ya muda anaanza kutunga jibu ambalo angempa yule mtu. Kisha anamwekea yule mtu maneno ambayo hakuyasema. Kisha anawaona akilini wengine wakimuunga mkono yeye mwenyewe. Ikifika saa ya kulala ameshamhukumu mwenzake kwa kesi ambayo nusu yake ameitunga mwenyewe. Yakobo 1:14-15 huieleza safari hiyo kwa ufupi: tamaa huvuta, huchukua mimba, kisha huzaa dhambi. Pa kuikatiza kwa urahisi ni mwanzoni, kabla ya lile jibu la kwanza kutungwa.

Yesu alipojaribiwa nyikani alijibu mara tatu kwa “Imeandikwa”, na mara zote tatu maneno yake yalitoka katika Kumbukumbu la Torati. Evagrius aliufuata mfano huo, akakusanya mistari ya Biblia inayokaribia 500 na kuipanga kwa yale mafungu manane, ili kila wazo lipate jibu lake. Mwamini wa leo aweza kuanza na mistari michache inayohusu udhaifu wake mwenyewe: Yakobo 1:19-20 kwa mwenye hasira, Isaya 41:10 kwa mwenye hofu. Aikariri akiwa ametulia, kisha wazo linapobisha aseme mstari ule na kumwombea kwa jina mtu anayemkasirikia. Ikiwa mawazo yanamwandama mtu mchana na usiku, yanamnyima usingizi au yanamshawishi kujidhuru, amweleze daktari pamoja na mchungaji wake, kwa kuwa hali hiyo yaweza kuwa ugonjwa unaotibika, na kutafuta tiba si upungufu wa imani.