Kivinjari Hakili Rangi za Picha

Wapiga picha wa mashindano ya majahazi Lamu wana kauli yao ya siku nyingi: picha ikipandishwa mtandaoni, kivinjari (programu ya kufungulia tovuti) huifubaza. Sivyo. Ndani ya faili, rangi ni namba tu. Kijani cha 255 ni kijani kipi? Jibu limo katika profaili ya rangi, maelezo mafupi yanayosafiri na faili. Kivinjari huyasoma, kisha hugeuza namba ziendane na skrini.

Balaa huanzia kwingine. Kamera imewekwa Adobe RGB, mfumo wa rangi wa 1998 wenye wigo mpana, yaani rangi nyingi zaidi, hasa upande wa kijani. Halafu tovuti, au programu ya kupunguza ukubwa wa picha, inafuta profaili ili faili liwe jepesi. Kivinjari kwa kukosa maelezo hudhani ni sRGB, mfumo wa 1996 wenye wigo mdogo zaidi. Maji ya ufukwe wa Shela, Lamu, yanapauka, kikoi cha kijani kinaonekana kama kimefuliwa mara mia.

Basi igeuze picha kuwa sRGB kabla ya kuipandisha, na profaili iache ndani. Kugeuza namba zenyewe hasa, maana kubandika jina la sRGB juu ya namba zilezile hakusaidii kitu (wengi huteleza hapo). Skrini kuukuu ya simu, hiyo ni kesi nyingine.