Acheni kuroweka mashine za kunyolea kwenye siki

Juzi nimeletewa tena Gillette, mashine kongwe ya kunyolea ndevu ya wembe wa kubadilisha, iliyochovywa dhahabu; ilikuwa imelala kwenye siki usiku kucha, kisha ikasuguliwa kwa stilwaya mpaka ing'ae. Imeng'aa kweli, ila dhahabu imekwisha na hairudi. Kinachoonekana sasa ni shaba ya njano, na pembeni mwa kifuniko imeanza wekundu: asidi imeila zinki iliyochanganywa ndani ya shaba ya njano, ikaacha shaba nyekundu peke yake. Ushauri huu wa siki umeenea mno, na kila anayeutoa anaamini kwamba mashine ikishang'aa imepona.

Tangu Mmarekani King Gillette, aliyebuni mashine hizi, apewe hataza yake mwaka 1904, nyingi ya mashine hizi zimekuwa shaba iliyochovywa fedha, nikeli au dhahabu. Tabaka hilo ni jembamba sana, na ndilo lenye thamani. Uchafu ulio juu yake kwa kawaida ni povu la sabuni lililogandamana na chokaa ya maji. Maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini vinatosha. Roweka, sugua, suuza, rudia kesho. Katikati ya meno ya mashine, yale kama ya kitana yaliyo chini ya wembe, pitisha kijiti cha kuchokolea meno. Mpini wa Bakelaiti (plastiki ya zamani) usiutie maji ya moto, na wa alumini usiusogeze karibu na magadi.

Kabla ya kusugua doa, lichunguze kwa lenzi. Likiwa limeinuka juu ya uso wa nikeli, ni uchafu, litatoka. Likiwa limebonyea, lina kingo kali na unjano katikati, hapo nikeli imekwisha, na kila unapopitisha dawa ya kung'arishia unapanua kidonda. Hapo pa kuacha ndipo watu wanapozidisha nguvu!

Tena mng'aro haunyoi. Funga wembe mpya (wembe wa dukani leo unaingia hata kwenye mashine ya 1904), kaza, uelekeze kichwa dirishani. Ukanda wa mwanga kati ya wembe na meno uwe sawa pande zote mbili. Ukizidi upande mmoja, usikimbilie koleo. Fungua, safisha chini ya kifuniko, badilisha wembe, tazama tena. Mara nyingi ni sabuni kavu tu. Jino lililopinda lisukume taratibu, mara moja. Shaba ikipindwa huku na huku hukatika. Mpini wa Gillette za mwanzo, ule wenye kitako cha duara, ni mrija mwembamba unaopasuka kwa urefu, kwa hiyo ukague kabla hujatoa pesa.

Ukongwe peke yake usikupandishie bei. Katika Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Marekani lilichukua Gillette zipatazo milioni 3.5, na nyingi bado zipo. Kwa zile za Marekani za miaka ya 1950 na 1960, tafuta herufi na tarakimu chini ya kichwa: A ni 1955, F ni 1960, na tarakimu ni robo ya mwaka. Ukiona F3, imetoka kiwandani kati ya Julai na Septemba 1960, hata muuzaji aape vipi.

Kuhusu kuichovya mashine upya tabaka lililokwisha, moyo wangu haujatulia. Fundi lazima alainishe shaba kwanza, na hapo maandishi hufifia na kingo za kichwa hupungua. Lakini mwenye kutaka kunyolea kila asubuhi nitamwambiaje aishi na shaba tupu inayoshika weusi? Iliyochubuka kidogo nasema iachwe. Iliyochubuka kote, leo nitakwambia hivi na kesho vile.

Mashine ambazo kichwa chake hufunguka kama milango miwili ukizungusha kitako cha mpini, zikishakauka kabisa zipe tone moja la mafuta ya cherehani kwenye bawaba. Ya kupikia hapana: yakikaa huwa gundi, na milango itakwama nusu wazi.