Taa ya bruda: yanayosemwa na yalivyo

Ukimuuliza mfugaji mgeni kwa nini vifaranga wake wamekufa, atakwambia baridi. Kwa hiyo safari ijayo anaziba bruda, yaani boksi la kulelea vifaranga kwa joto, kila upande, anashusha taa chini, na asubuhi anaokota mizoga ya walioungua kwa joto.

Dhana kwamba joto likizidi ndiyo usalama imeua vifaranga wengi. Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi joto 32 hadi 35, lakini hapo chini ya taa tu, kipimajoto kikiwa usawa wa mgongo wa kifaranga. Kila wiki punguza nyuzi 3 hivi. Bruda nzima ikifika 35, hakuna pa kukimbilia: wanatanua mabawa, wanahema midomo wazi, kinyesi kinagandia nyuma. Taa ikae upande mmoja, na upande wa pili ubaki na ubaridi kiasi, ndiko kwa maji na chakula. Balbu ya wati 250 inatosha vifaranga 50 na zaidi. Kwa vifaranga 20 kwenye boksi la kadibodi hiyo ni tanuri. Dar es Salaam balbu ya wati 100 huenda ikakutosha. Njombe, kwenye nyanda za juu zenye baridi, mwezi Juni ni habari nyingine.

Wengine husema taa ni taa. Si kweli. Balbu za LED zimetengenezwa zitoe mwanga kwa umeme kidogo, joto lake ni la kupimia kwa kidole. Bruda itang'aa kama mchana na vifaranga watalia usiku kucha. Tafuta balbu ya kizamani yenye kiwaya kinachowaka ndani, au ile maalumu ya joto. Nyekundu nayo haina joto zaidi ya nyeupe ya wati zilezile. Faida yake ni kwamba vifaranga wanalala vizuri na hawadonoani sana.

Kuna wanaoining'iniza taa kwa waya wake wa umeme, au kwa kamba ya katani. Hapa sina mzaha: ikidondoka juu ya maranda makavu, banda linaweza kuteketea. Tumia mnyororo au waya mgumu, ufunge sehemu mbili, sentimita 45 hivi kutoka kwenye maranda, na holda iwe ya kauri, maana ya plastiki huyeyuka.

Je, kipimajoto ndicho chenye neno la mwisho? Hapana, ni vifaranga wenyewe. Wakirundikana chini ya taa wakilia, ishushe. Wakikimbilia kingoni, ipandishe. Wakijibana upande mmoja, kuna upepo unapenya mahali. Wakitawanyika, wengine wanakula, wengine wamelala, nenda kalale na wewe. Ila amka saa tisa usiku uchungulie, maana baridi ya saa hiyo si ya jioni.

Umeme ukikatika watu hukimbilia jiko la mkaa, wakiamini mkaa ukishaiva na moshi kuisha hauna madhara. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na mkaa mwekundu bado unaitoa, inaua vifaranga na hata wewe uliyelala chumba hichohicho. Ukilazimika kutumia jiko, acha matundu ya hewa juu ya bruda na madirisha ya chumba wazi, na usilale humo. Kwa vifaranga wachache, chupa za maji ya moto zilizofungwa kitambaa zinatosha kuwavusha saa mbili tatu, ukizibadilisha zikipoa.