Rekodi ya mgonjwa na mfumo wa malipo ni vitu viwili

Jijini Dar es Salaam limekuwa jambo la kawaida kusikia kwamba hospitali fulani "imeingia kwenye rekodi za kielektroniki". Ukiuliza kilichobadilika, unaelezwa kwamba makabati ya mafaili yameondolewa mapokezini, kadi ya bima inahakikiwa papo hapo, na anayelipa fedha zake mwenyewe anatumiwa namba ya malipo kwenye simu. Mabadiliko hayo ni mazuri, lakini hakuna hata moja kati yake linalostahili kuitwa rekodi ya mgonjwa. Kosa hili lina madhara, kwa sababu mgonjwa anayeamini kwamba taarifa zake zimehifadhiwa hospitalini huacha kuzitunza mwenyewe.

Rekodi ya kielektroniki ya mgonjwa ni historia ya afya ya mtu mmoja, iliyowekwa kwenye kompyuta kwa mpangilio unaomwezesha mhudumu mwenye idhini kuisoma, kuiongezea na kuitegemea anapoamua tiba. Kiini chake ni mtu katika muda wote anaotibiwa. Kiini cha mfumo wa malipo ni huduma iliyotolewa na bei yake, na deni likishalipwa kazi yake imekwisha.

Tuchukue mfano wa mama anayetibiwa kifua katika kituo kimoja cha Temeke. Anaandikiwa amoksisilini, analipia dirishani, anachukua dawa na kwenda nyumbani. Usiku midomo inavimba na vipele vinamtoka mwili mzima, hivyo asubuhi anarudi, anachomwa sindano na kuelezwa asitumie tena dawa za jamii ya penisilini. Mfumo wa malipo utakuwa na mistari minne kuhusu siku hizo mbili: kumwona daktari, vidonge, kumwona daktari tena, sindano. Kila mstari una tarehe, kiasi na jina la aliyepokea fedha, na mkaguzi wa hesabu hatakuta kasoro. Lakini neno mzio halimo, kwa kuwa mzio hauna bei. Mwaka unaofuata daktari mwingine akifungua jina la mama huyo ataona tu kwamba aliwahi kununua amoksisilini, na anaweza hata kudhani kwamba ilimfaa. Katika rekodi ya kweli mzio umeandikwa mahali pa kwanza anapotazama daktari, na akijaribu kuagiza dawa ya jamii hiyo programu inampa onyo kabla agizo halijafika famasi.

Wengine hujibu kwamba mfumo wao una sehemu ya kuandika ugonjwa, hivyo ni rekodi. Mara nyingi sehemu hiyo ipo kwa sababu bima hailipi bila msimbo wa ugonjwa. Msimbo humtosha anayelipa, lakini haumwambii daktari wa kesho dalili zilianza lini, kipimo kipi kilitia shaka, wala kwa nini dawa ya kwanza iliachwa.

Historia ya programu zenyewe inaonyesha kwamba tofauti hii ilijulikana tangu mwanzo. Katika miaka ya 1966 na 1967, katika maabara ya kompyuta ya daktari Octo Barnett kwenye Hospitali Kuu ya Massachusetts, mjini Boston, Neil Pappalardo na wenzake walitengeneza lugha ya kompyuta iitwayo MUMPS. Tatizo lililowakabili lilikuwa umbo la taarifa za wagonjwa. Mgonjwa mmoja ana vipimo mia mbili vya sukari na hajawahi kupasuliwa, mwingine amepasuliwa mara tatu na hajapimwa sukari hata mara moja, na jedwali la kawaida lenye safu zilezile kwa kila mtu linajaa nafasi tupu. MUMPS iliziweka taarifa kwa matawi: chini ya mgonjwa kuna mahudhurio, chini ya hudhurio kuna vipimo, chini ya kipimo kuna majibu, na tawi lisilo na kitu halichukui nafasi. Yaani hifadhi yote ilianza na mtu. Mwaka 1969 Pappalardo alianzisha kampuni ya Meditech, iliyoanza na programu za maabara za hospitali.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1979, Judith Faulkner, mtaalamu wa kompyuta aliyesomea Chuo Kikuu cha Wisconsin, alianzisha kampuni ndogo katika ghorofa ya chini ya ardhi ya jengo mjini Madison. Wakati huo iliitwa Human Services Computing, na leo ni Epic, mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za programu za hospitali nchini Marekani. Mtaji wake wa kwanza ulikuwa hifadhidata iitwayo Chronicles, iliyojengwa juu ya MUMPS ili kufuatilia taarifa za mgonjwa kadiri muda unavyokwenda. Ningependa wanaochanganya mambo haya waangalie kilichofuata. Katika miaka ya 1980 Epic ilitoa programu ya kupanga miadi, kisha programu ya ankara, na zote zilipata wateja. Hata hivyo, programu iliyobeba rekodi ya matibabu, EpicCare, ilitoka peke yake mwaka 1992. Kampuni hiyohiyo, iliyokuwa na hifadhidata ileile, haikuona kwamba programu ya ankara inatosha kuitwa rekodi.

Serikali ya Marekani nayo ililazimika kuiweka tofauti hiyo kisheria. Sheria ya mwaka 2009 iliyotenga mabilioni ya dola kuzisaidia hospitali na madaktari kutumia rekodi za kielektroniki haikumlipa mtu kwa kununua programu tu. Ilidai matumizi yenye maana, na masharti ya hatua ya kwanza yalitaka, pamoja na mengine, orodha ya matatizo ya mgonjwa, orodha ya dawa anazotumia na orodha ya mizio ya dawa. Ni kweli kwamba hata huko ankara imeendelea kuisukuma rekodi, kiasi kwamba madaktari wanalalamikia maelezo marefu yanayoandikwa kwa ajili ya anayelipa, na hilo linathibitisha kwamba vitu hivi viwili vikikaa pamoja chenye fedha hutaka kutawala.

Hapa Afrika Mashariki mfano haukosekani. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, ulianza mfumo wa rekodi uliojengwa na watu wa Chuo Kikuu cha Moi na wa Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, na uzoefu wa huko ulichangia kuzaliwa kwa OpenMRS mwaka 2004, programu ya bure inayoanza na mgonjwa wala si na risiti yake. Kwetu kuna pia mkanganyiko wa kuita takwimu za MTUHA (mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya) rekodi za wagonjwa. Kitabu namba 5 cha wagonjwa wa nje na ripoti zinazoingizwa katika DHIS2, programu ya kujumlisha takwimu za afya, huiambia wizara ni wagonjwa wangapi wa malaria walionekana mwezi huo, na ni kazi muhimu sana, lakini huwezi kumtafuta mama wa Temeke ndani ya jumla.

Ikumbukwe pia kwamba jina la programu haliamui jambo hili. GoT-HoMIS, iliyotengenezwa chini ya TAMISEMI kwa ajili ya vituo vya umma, ina sehemu za daktari, maabara na dawa pamoja na sehemu ya mapato, na programu yoyote ya namna hiyo huwa rekodi pale tu daktari anapoandika na kusoma ndani yake.

Kwa hiyo anayetaka kuieleza hospitali kwa usahihi aanzie chumba cha daktari kabla ya dirisha la malipo. Kama daktari anaona mizio, dawa za sasa na majibu ya mahudhurio yaliyopita, basi hospitali ina rekodi za kielektroniki. Kama anaona jina, umri na uthibitisho kwamba ada imelipwa, isemwe kwamba hospitali ina mfumo wa kielektroniki wa mapokezi na malipo, jina ambalo si dogo wala si la aibu. Na pale ambapo sehemu ya daktari ingali inajengwa, mgonjwa aelezwe hivyo waziwazi na aombwe aendelee kuja na daftari lake la matibabu.